Mimar Sinan na Wanafunzi Wake



Kuna kisa kinachozunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp, hasa siku za Ijumaa. Kinasema kwamba katika miaka ya 1990 mainjinia wa Uturuki walikuwa wakitengeneza Msikiti wa Şehzade mjini Istanbul, wakafungua tao moja na kukuta ndani yake chupa yenye barua. Barua hiyo, kwa mujibu wa kisa, iliandikwa na msanifu aliyeujenga msikiti, Mimar Sinan, akiwaelekeza watakaokuja baada ya miaka mia nne namna ya kubadilisha jiwe litakalokuwa limechakaa. Kisa kitamu, hakuna ubishi. Lakini wanaokisimulia hawaonyeshi barua, hawataji jina la injinia aliyeishika mkononi, wala hawasemi imehifadhiwa makumbusho gani. Sisi tunaosoma Masomo ya Kiislamu tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kuuliza isnadi kabla ya kupokea habari. Kisa hiki isnadi hakina.

Nimeamua kuandika kuhusu Sinan kwa sababu maisha yake ya kweli yanakizidi kisa hicho. Lile ambalo watu wanatamani awe amelifanya kwa chupa, yaani kuwaachia ujuzi wake watakaokuja nyuma, alilifanya kwa karibu miaka hamsini mbele ya macho ya watu: kwa ofisi, kwa wanafunzi, kwa ramani na kwa daftari. Halihitaji chupa.

Sinan alizaliwa karibu mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, katikati ya Anatolia. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Wanahistoria wanabishana kama walikuwa Wagiriki au Waarmenia, na mabishano hayo mengine ni ya siasa kuliko elimu, kwa hiyo nayapita. Katika utawala wa Sultani Selim wa Kwanza, ulioanza mwaka 1512, alichukuliwa kwa utaratibu ulioitwa devşirme. Utaratibu huo ulikuwa wa serikali kukusanya vijana wa familia za Kikristo, kuwasilimisha, kuwafundisha na kuwaingiza katika jeshi au utumishi wa ikulu.

Hapa naomba tusimame kidogo. Baadhi ya makala za Kiislamu huruka sehemu hii haraka, kana kwamba kijana alijitokeza mwenyewe mlangoni. Wasiokuwa Waislamu waliokuwa wakiishi chini ya dola walikuwa na ahadi ya ulinzi, wao na watoto wao, na kuchukua watoto wao kwa nguvu ni jambo ambalo ni vigumu mno kulioanisha na fiqhi ya ahadi hiyo. Ukubwa wa Sinan haugeuzi hukumu ya jambo lenyewe. Na Sinan hakuwasahau watu wake. Baada ya kisiwa cha Cyprus kutekwa mwaka 1571, serikali iliamuru familia nyingi za Anatolia zihamishiwe huko, na jamaa zake wa eneo la Kayseri walikuwa miongoni mwao. Sinan, wakati huo mzee mwenye cheo kikubwa, aliomba wasihamishwe, na Sultani akatoa amri waachwe walipo.

Katika mafunzo ya vijana wale, kila mmoja alipewa kazi ya mikono. Sinan alichagua useremala. Baadaye aliingia jeshi la Janisari na kwenda vitani karibu kila upande wa dola: Belgrade mwaka 1521, Rhodes mwaka 1522, Mohács mwaka 1526, na Baghdad mwaka 1534. Mtu anaweza kuiona miaka hiyo kuwa imepotea kwa mtu aliyekusudiwa kuwa msanifu. Mimi naona ndiyo iliyokuwa chuo chake. Alipita kwenye magofu ya Warumi, makanisa ya Balkani, majengo ya Waseljuki na misikiti ya Iraki, huku mkononi ana kazi ya kujenga vitu ambavyo vikikosewa watu wanakufa siku hiyo hiyo. Katika Ziwa Van aliagizwa kutengeneza merikebu tatu za kupeleleza majeshi ya adui ng'ambo, akazitengeneza na kuziongoza mwenyewe. Mwaka 1538, katika vita vya Moldavia, jeshi lilikwama kwenye Mto Prut kwa sababu kingo zake zilikuwa tope na kila daraja lililojaribiwa lilizama. Lütfi Paşa alimtaja Sinan kwa Sultani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, daraja lilisimama kwa siku kumi na tatu.

Mwaka mmoja hivi baadaye nafasi ya msanifu mkuu wa dola ilikuwa wazi, na Lütfi Paşa yuleyule akamsukuma mbele. Sinan alikuwa anakaribia miaka hamsini. Kumbukumbu zake zinasema kwamba kuliacha jeshi kulimuuma, ila alijipa moyo kwa kuwa angejenga misikiti. Fikiria, ndugu yangu unayelalamika kwamba umechelewa kumaliza digrii: huyu alianza kazi iliyomfanya ajulikane akiwa na umri wa babu.

Watu wengi wakisikia msanifu mkuu wanamfikiria mtu mmoja aliyeinamia karatasi, akichora kuba peke yake usiku. Ofisi aliyoipokea Sinan haikuwa hivyo. Lilikuwa kundi la wasanifu wa ikulu waliolipwa mshahara na serikali, wakifanya kazi pamoja na waashi, maseremala, mafundi wa maji na makarani. Kazi yao ilikuwa kuchora ramani, kukadiria gharama, kutafuta mawe, mbao, risasi na chokaa, kukusanya mafundi kutoka mikoani, kukagua matofali yasipungue kipimo, na kusimamia kanuni za ujenzi wa nyumba za Istanbul, mji uliokuwa ukiungua moto mara kwa mara. Mimi ningesema ilikuwa wizara ya ujenzi na chuo cha ufundi chini ya paa moja.

Kazi za Sinan zinazotajwa katika orodha za zama zake zinapita 400: misikiti, madrasa, hospitali, majiko ya kulishia maskini, misafara, hamamu, madaraja, mifereji ya maji. Hakuna binadamu anayeweza kusimamia majengo hayo yote kwa macho yake, na hakuyasimamia. Majengo ya mbali, kwa mfano yale ya Aleppo na Damascus, yalikwenda kwa njia ya ramani. Mchoro ulitoka Istanbul, wakati mwingine kwenye karatasi iliyogawanywa miraba midogo, kila mraba ukiwakilisha idadi fulani ya dhiraa, na msanifu mwingine akaenda nao au akaupokea kule na kujenga kwa mawe ya pale na mafundi wa pale. Ndiyo maana Takiyya ya Suleiman iliyoko Damascus, iliyojengwa miaka ya 1550, ina makuba na minara ya Istanbul lakini kuta zake zina mistari ya mawe meupe na meusi kama Washami walivyozoea. Aliyepokea ramani alikuwa na nafasi ya kuamua.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya msikiti wa mtaani kwetu. Ulijengwa na fundi mmoja mzee, mwaminifu sana, aliyekuwa na ramani yote kichwani. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kamati ilitaka kuongeza ghorofa kwa ajili ya akina mama. Hakuna aliyejua nguzo zina nondo ngapi wala msingi umeshuka kiasi gani. Vijana aliowafanyisha kazi walikuwa wamebeba zege miaka na miaka bila kuonyeshwa hesabu hata mara moja. Injinia aliyeitwa alikataa kuweka sahihi. Akina mama bado wanaswali Ijumaa chini ya turubai, na mvua ikija wanarudi nyumbani.

Tuuangalie Msikiti wa Süleymaniye, ambao ulianza mwaka 1550 na kufunguliwa mwaka 1557. Jiwe la kwanza la mihrabu liliwekwa na Shaykhul-Islam Ebussuud Efendi. Kuba lake lina upana wa mita 26 na kitu, karibu sawa na urefu wa uwanja wetu wa mpira wa kikapu, nalo liko zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni. Kuuzunguka msikiti kulijengwa madrasa, chuo cha hadithi, hospitali, jiko na hamamu. Lakini kilichonivutia mimi kuliko kuba ni daftari. Hesabu za ujenzi ule zilihifadhiwa, na katika karne ya ishirini mwanahistoria wa Kituruki Ömer Lütfi Barkan alizichambua na kuzichapisha. Zinaonyesha nani alifanya kazi, siku ngapi, kwa ujira gani, na vifaa vilitoka wapi. Zinaonyesha pia kwamba mafundi stadi walikuwa karibu nusu Waislamu na nusu Wakristo, Wakristo wakizidi kidogo. Msikiti mkubwa kabisa wa Sultani Suleiman ulijengwa na mikono ya dini mbili, na kila mkono ukaandikiwa haki yake. Kwetu Uganda, ambako Mwislamu na Mkristo mara nyingi ni watoto wa ukoo mmoja, habari hii haishangazi sana, lakini ni vizuri kuijua.

Uongozi wake ulijaribiwa hapohapo. Kumbukumbu zake zinaeleza kwamba kazi ilipochelewa, watu walimwendea Sultani na maneno: kwamba Sinan anazembea, kwamba kuba halitasimama, kwamba mzee amerukwa na akili. Sultani alifika kwenye ujenzi bila kutarajiwa, akiwa amekasirika, akamuuliza kazi itakwisha lini na kumkumbusha yaliyompata msanifu wa babu wa baba yake, Sultani Mehmed Mfunguzi. Hilo halikuwa tishio dogo. Sinan alijibu miezi miwili. Waliosikia walidhani kweli ana wazimu. Alikusanya kila fundi aliyeweza kupatikana, akagawa kazi, na miezi miwili ilipotimia milango ilikuwa tayari. Siku ya ufunguzi, Sultani alimpa Sinan ufunguo afungue yeye mwenyewe. Ni kweli kwamba masimulizi haya tunayapata kwa upande wake, na mtu akisimulia ushujaa wake tumsikilize huku tunatabasamu kidogo. Ila jengo lipo na daftari zipo, na mtu asiyejua nani ana ujuzi gani katika mamia ya mafundi hawezi kuahidi miezi miwili.

Kwa upande wa maji alikuwa na kazi ngumu zaidi ya misikiti, ingawa haipigwi picha sana. Istanbul ilikuwa ikijaa watu na visima havikutosha. Kati ya mwaka 1554 na 1564 Sinan alijenga mfumo wa Kırkçeşme ulioleta maji kutoka misitu iliyo nje ya mji kwa mifereji na madaraja ya maji. Mwaka 1563 mafuriko makubwa yaliharibu sehemu ya kazi hiyo, ikabidi ijengwe upya. Daraja la maji la Mağlova, lenye matao ya ghorofa mbili na kimo cha mita 36 hivi, bado limesimama. Misingi yake imechongwa kama mbavu za piramidi ili maji ya mafuriko yagawanyike yasilisukume.

Na yeye alijifunza kwa nani? Sehemu kubwa kwa wafu. Ayasofya, lililojengwa kuwa kanisa mwaka 537 na Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, lilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Kuba lake la kwanza lilianguka mwaka 558 na kujengwa tena. Sinan alilisoma kama mwanafunzi anavyosoma matini ya mwalimu: aliona wapi uzito unasukuma, wapi ukuta umeelemewa. Katika miaka ya 1570 alipewa kazi ya kulitengeneza, akaongeza mihimili mizito ya mawe kuzunguka kuta. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mihimili hiyo imechangia sana kulifanya jengo lile lifike mpaka leo. Hakuona aibu kujifunza kwa Warumi, wala hakulibomoa la kwao ili la kwake lionekane.

Msikiti wa Selimiye wa mji wa Edirne ndio alioutaja kuwa kilele cha kazi yake. Şehzade, uliokamilika mwaka 1548, aliuita kazi ya mwanagenzi. Süleymaniye kazi ya fundi aliyeiva. Selimiye kazi ya bingwa. Aliujenga kati ya mwaka 1568 na 1575, akiwa na umri unaokaribia au kupita miaka 80. Kuba la mita 31 linakaa juu ya nguzo nane tu, na ukisimama ndani hakuna kinachokukinga kuona mihrabu. Minara yake minne inapita mita 70, na miwili kati yake ina ngazi tatu zinazopanda kwa pamoja bila kukutana, kila moja ikienda kwenye roshani yake. Katika kumbukumbu zake Sinan anadai kwamba kwa kuba hili ameishinda Ayasofya. Vipimo vya leo havimuungi mkono sana: upana unakaribiana, na ukihesabu kutoka sakafuni Ayasofya ni refu zaidi. Mzee alikuwa na haki ya kujisifu, na sisi tuna haki ya kupima. Sultani Selim wa Pili, aliyeagiza msikiti huo, alifariki Desemba 1574.

Sasa niwarudie wanafunzi. Davud Ağa alifanya kazi chini ya Sinan kwa miaka mingi, akashika cheo chake baada yake, na ndiye aliyeanza Msikiti Mpya ulioko kando ya bandari ya Istanbul. Dalgıç Ahmed Ağa alifuata. Mehmed Ağa, aliyeitwa Sedefkâr kwa ustadi wake wa kunakshi kwa magamba ya chaza yanayong'aa, alianza na muziki, akauacha, akaingia karakana ya ikulu na kusoma usanifu chini ya Sinan. Huyu ndiye aliyejenga Msikiti wa Sultani Ahmed, ule wenye minara sita unaoonekana kwenye kila kalenda ya ukutani, kati ya mwaka 1609 na 1617. Hayruddin, anayetajwa kuwa mmoja wa wanafunzi wake, alijenga daraja la tao moja la Mostar, Bosnia, lililokamilika mwaka 1566. Liliangushwa kwa mizinga mwaka 1993 na kujengwa tena mwaka 2004.

Angalieni vyeo vilivyopokezana: mtu anaondoka, aliyekuwa chini yake anakaa, na kazi haisimami. Kwenye jumuiya zetu za wanafunzi tunajua hali ilivyo. Kiongozi akimaliza muda wake anaondoka na daftari la wanachama, neno la siri la barua pepe na namba za wafadhili, na kamati mpya inaanza kuuliza Ramadhani iliyopita futari ilinunuliwa wapi.

Jambo la mwisho alilolifanya kwa ajili ya ujuzi wake lilikuwa la ajabu kwa zama zile. Uzeeni alimsimulia rafiki yake, mshairi Mustafa Sâi Çelebi, maisha yake na majengo yake, na Sâi akaandika. Kwa njia hiyo tunazo habari za ziwa Van, daraja la Prut na hasira za Sultani, pamoja na orodha za kazi zake. Sultani kuandikiwa historia yake ni kawaida, lakini fundi? Na mfano ulifuatwa: mwanzoni mwa karne iliyofuata Cafer Efendi aliandika risala nzima kuhusu Mehmed Ağa na elimu ya usanifu, vipimo na majina ya vifaa vikiwemo.

Sinan alifariki mwaka 1588, akiwa bado msanifu mkuu, chini ya Murad wa Tatu, sultani wake wa tatu katika cheo hicho. Katika mwaka huohuo nahodha wa Kiuthmaniyya, Ali Bey, alikuwa njiani kurudi pwani yetu ya Waswahili kwa mara ya pili. Alijenga ngome ndogo Mombasa, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata hapo. Ngome iliyobaki Mombasa mpaka leo, Fort Jesus, ni ya Wareno, na waliichora kwa mkono wa msanifu wa Kiitaliano kuanzia mwaka 1593.

Kaburi la Sinan liko pembeni mwa Süleymaniye, nje ya ukuta, kwenye kona ya njia mbili. Ni dogo. Alilijenga mwenyewe, na kwenye kona yake aliweka mahali pa wapita njia kunywa maji. Beti zilizochongwa hapo ni za Sâi. Zinataja mifereji ya maji na misikiti aliyoijenga, na kati ya madaraja yake yote zinalitaja moja tu, lile la Büyükçekmece, magharibi ya Istanbul, lililokamilika mwaka 1567. Juu ya daraja hilo, na si juu ya msikiti wowote kati ya ile mikubwa, ndipo lilipochongwa jina lake kwenye jiwe: Yusuf bin Abdullah.